Mazoezi ya tasnifu kwa dakika 3

Habari zenu wapendwa. Naomba kila anayeandika tasnifu ashiriki shindano la kueleza utafiti kwa dakika 3. Lilianza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Wazo lilizaliwa wakati wa ukame, watu wakioga kwa kipima muda cha dakika 3 ili kuokoa maji. Slaidi ni moja tu, isiyo na mwendo wala sauti, na ukizidisha muda unatolewa.

Jana nilimsikiliza mwenzetu akijaribu. Dakika nzima iliishia kwenye mapitio ya machapisho. Tulipoiondoa na kuanza na swali lake, ndipo nilipoelewa anachotafiti, na tumekaa dawati moja miezi sita!

Tukutane kwa mazoezi Jumamosi saa nne asubuhi, chumba cha semina. Njoo hata kama hujamaliza kukusanya data.

Wanaoomba ruzuku ya kusafiri kwenye makongamano: mwombeni msimamizi barua sasa, msimkimbilie usiku wa mwisho. Na namba ya ORCID, yaani namba ya kipekee ya kumtambulisha mtafiti, haina malipo. Jisajilini kabla ya kutuma makala.

Atakayekuja aandike jina hapa chini.