Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi, Zanzibar: papa, zebaki na mama mjamzito

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Mimi ni muuza ng'onda. Papa namnunua mbichi, namchana, namtia chumvi, namwanika juani mpaka akakamae. Wateja wangu wakubwa ni kina mama, na wengi wao wakiwa na mimba hawataki kingine ila papa wa nazi. Ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Papa, nduaro na jodari mkubwa wana zebaki, madini ya sumu inayoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Zebaki hiyo huruka kutoka kwenye makaa ya mawe yanayochomwa viwandani na kwenye machimbo madogo ya dhahabu, ambayo peke yake yalikadiriwa kutoa asilimia 38 ya zebaki yote iliyopelekwa hewani na binadamu mwaka 2015. Ikishatua baharini, vijidudu vya kule chini kwenye oksijeni haba huigeuza kuwa methili ya zebaki, na hiyo ndiyo inayong'ang'ania minofu. Kibua hula dagaa, jodari hula kibua, papa humla jodari, na kila anayekula hurithi mzigo wa aliyeliwa. Jodari anayezamia kina kirefu kufuata ngisi hubeba nyingi kuliko anayekula juujuu. Chumvi yangu haiitoi. Jua nalo hukausha maji tu. Zebaki inabaki ileile kwenye kipande kilichosinyaa.

Sikuombi uwatishe watu. Wenzetu wa Shelisheli wamefanyiwa utafiti tangu miaka ya 1980: mama wajawazito walikula samaki karibu kila siku, na watoto wao walipofuatiliwa hawakuonekana na madhara ya wazi. Kwenye visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki, mambo yalikuwa mengine. Huko huliwa nyama ya nyangumi, na watoto waliozaliwa 1986 na 1987 ambao mama zao walikuwa na zebaki nyingi walionekana kurudi nyuma kidogo katika lugha, umakini na kumbukumbu. Wataalamu bado wanabishana kwa nini matokeo ya pande hizo mbili yalitofautiana. Mimi nasoma hivi: samaki ni neema, ila tuangalie ni samaki gani.

Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 1 ya zebaki kwa kilo ya papa, nduaro au jodari. Kwa hiyo mlaji wa Madrid ana sheria inayomlinda. Mimi mezani kwangu nina mizani tu, na mama akiniuliza sina la kumjibu.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu iko hapa hapa Fumba. Naomba samaki wanaoshushwa Malindi hapa Unguja wapimwe zebaki kwa aina na kwa ukubwa, kwa sababu papa mdogo na papa wa kubebwa na watu wanne si kitu kimoja. Matokeo yatangazwe kwa Kiswahili, pamoja na redioni. Na wenzako wa Afya watie karatasi moja kwenye kliniki za wajawazito: papa na nduaro wasubiri mpaka mtoto aache kunyonya; vibua, dagaa na changu waliwe bila hofu.

Wavuvi wasilaumiwe, zebaki hawakuitia wao. Biashara yangu itapungua, nalijua hilo. Karatasi ikitoka, nitaibandika mwenyewe juu ya meza, upande wa papa.

Wako mtiifu,
Muuza ng'onda, Unguja