Kitumbua cha Barabara ya Kumi na Mbili kimekosa mkaangaji

Waungwana wa Ngamiani, Tanga, mliopo mjini na mlio mbali,

Tangu mwezi wa nane chuma cha vitumbua hakijabandikwa pale kona. Mwenyewe mnamjua; ameomba tusimtaje jina.

Alianza na kinundu titi la kushoto, mfano wa punje ya kunde. Miezi mitatu kikawa ndimu. Zahanati moja (hatuitaji, huu si wito wa ugomvi) ikamwambia ni jipu, wakapasua, na nyama iliyotolewa ikaishia kwenye ndoo badala ya maabara. Hasara ilianzia hapo. Uvimbe ukarudi juu ya kovu lile lile, mgumu, sasa kama chungwa la Muheza.

Hospitali ya Bombo hapa Tanga wakampa rufaa kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar. Aliondoka akidhani ni waja leo warudi leo. Akakaa siku 19. Walichukua kinyama kwa sindano nene, wakakipima, wakakirudia kwa rangi maalumu, likatoka jina geni kwetu sote: sarkoma. Tulivyoelezwa, saratani ya titi tuliyoizoea huanzia kwenye vifereji na vifuko vya maziwa. Hii huota kwenye nyama na mishipa inayolishikilia titi, na katika saratani 100 za titi haifiki hata moja. Vidonge vya homoni wanavyomeza wenzake wenye saratani ile ya kawaida havimsaidii. Husafiri zaidi kwa njia ya damu hadi mapafuni, kwa hiyo wanataka kwanza picha ya CT ya kifua. Kisha upasuaji Muhimbili: uvimbe utolewe pamoja na nyama nzima inayouzunguka, maana ukingo ukibaki na ugonjwa, utarudi tena. Titi lote litaondoka.

Amekubali. Alichouliza ni kimoja tu, kama mkono wa kushoto utaweza kushika chuma. Daktari akamwambia kwapa hawatarajii kuligusa, atakaanga.

Bima hana. Kikoba chetu kimetoa shilingi 850,000, bado zinatakiwa 2,400,000 za picha, upasuaji, nauli yake na ya binti yake, na malazi ya wiki za mionzi ikibidi. Mweka hazina anapokea kila siku baada ya alasiri, kwa risiti, na hata 1,000 inaandikwa daftarini. Mlio Dar, chumba cha kulala karibu na Upanga kitatufaa kuliko fedha.

Anasafiri Jumatatu, basi la saa kumi na mbili asubuhi.