Saa ya kupima sukari bila kutoboa ilitaka kumuua mama

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni. Mama yangu ana kisukari mwaka wa kumi na moja huu, anajichoma insulini asubuhi na jioni, ukimshika vidole ncha zimekuwa ngumu kama za fundi viatu kwa kutobolewa kila siku. Basi nilipoona mtandaoni saa janja inayopima sukari kwa mwanga tu, hakuna sindano hakuna stripu (vile vijikaratasi vya kudondoshea damu), nikatuma hela siku ileile.

Wiki mbili inasoma 5.8, 6.0, 5.9, mama kafurahi, glukomita, kile kimashine cha kupima kwa kutoboa kidole, kaiweka kabatini. Usiku mmoja saa nane namsikia anaongea maneno hayaeleweki, kanga imelowa jasho, mikono inatetemeka. Naangalia saa, 5.9. Nikakimbilia kabatini nikamtoboa, 2.6, sukari imeshuka mno! Tukamnywesha maji ya sukari kijiko kwa kijiko mpaka akanitambua. Asubuhi nikaivaa mimi, akaivaa na mwanangu wa miaka saba, wote tunasoma mulemule.

Mimi si daktari ila nimesoma sana tangu siku ile. Kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni kinaweza kutumia mwanga kwa sababu hemoglobini, ile inayoipa damu wekundu, ni nyingi na ina rangi, ikibeba oksijeni rangi inabadilika. Sukari haina rangi, halafu ni kidogo mno, damu yote ya mtu mzima asiye na kisukari, kama lita 5 hivi, ina sukari ya kijiko kimoja tu cha chai. Ukipiga miale ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kwenye ngozi inakutana na maji, mafuta, jasho, joto, hata mkanda ulivyobana unavuruga. Watafiti wa chuo kikuu cha MIT kule Marekani wanahangaika na mwanga wa leza tangu miaka ya 1990, ni watu makini na naomba Mungu wafanikiwe. Lakini Februari 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya hukohuko, ilitangaza kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kupenya ngozi. Hata vile vya kubandika kwenye mkono vinavyosomwa kwa simu vina kijiuzi kinachoingia chini ya ngozi.

Naiomba TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, ipite madukani na kwenye kurasa za wauzaji, na nyie wa magazeti mtu akileta tangazo la kifaa cha sukari muulizeni kibali kwanza. Na stripu jamani zishuke bei, mama asingeikimbilia hiyo saa kama kopo la stripu lisingekuwa linagombana na hela ya unga. Wewe mwenye mzazi anayetumia insulini na amevaa hiyo saa, mpime kwa kutoboa leo hiihii usingoje kesho.

Mama amerudi kwenye glukomita. Nesi kamfundisha kutoboa pembeni ya kidole badala ya katikati, anasema maumivu yamepungua.

Msomaji wenu,
Tanga