Mkanda wa maili kumi: watoto wetu waambiwe yote

Mheshimiwa Mhariri,

Mwezi uliopita nilimsindikiza mjukuu wangu kwenda kuomba kitambulisho. Karani, kijana mwenye adabu zake, alipofika penye nafasi ya kabila akamwuliza. "Mswahili," mjukuu wangu akajibu. Kalamu ikasimama. "Kiswahili ni lugha, dada. Nakuuliza kabila." Mtoto akanigeukia mimi. Nimefundisha historia miaka thelathini na moja, na mbele ya meza ile sikupata jibu linaloenea katika mstari mmoja.

Ningemwambia nini? Kwa baba yangu sisi ni Wakilindini, mmojawapo wa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Mombasa. Matatu ni Kilindini, Changamwe na Tangana. Tisa yako upande wa Mvita, na humo mna Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wabajuni na wengineo: sikiliza majina tu, utajua walikotoka. Bibi mzaa mama alikuwa Mdigo wa Waa. Baba yake bibi alikuwa Mshihiri, Mwarabu wa Hadhramaut, aliyekuja na jahazi kwa upepo wa kaskazi, akaoa, asirudi tena kwao. Hatuna ajabu yoyote sisi. Bisha hodi mlango wowote Mji wa Kale au Likoni utaambiwa habari kama hizi. Na neno wazee wetu walilotumia ni lile lile "taifa" ambalo leo tunaliimba kwa jina la Kenya. Kwao, mtu aliweza kuwa na taifa lake na bado akawa mtu wa Mombasa, na hakuna aliyemtaka achague.

Kuchagua kuliletwa na karatasi. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kuwa "wenyeji" na "wasio wenyeji", na kila fungu likapewa kodi yake na haki zake. Mwarabu akaandikwa si mwenyeji, Mswahili akaandikwa mwenyeji. Ndugu walionyonya ziwa moja wakajikuta katika madaftari mawili. Msidhani basi kwamba waliokuwa wakijiita Waarabu mwaka huu na Waswahili mwaka ujao walikuwa wanafiki. Walikuwa wakitafuta pa kupumulia.

Na nchi yenyewe ilikuwa mbili. Kwa mkataba wa Desemba 1895 Mwingereza alichukua uendeshaji wa mkanda wa maili kumi wa pwani kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, kwa malipo ya kila mwaka. Mwaka 1920 bara ikawa Koloni, na mkanda ukabaki kuwa Himaya, yaani nchi ya Sultani chini ya ulinzi wa Mwingereza. Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu, ile ngome ya Mreno ya mwaka 1593, mpaka mwaka 1963. Mimi niliiona kwa macho yangu nikiwa mdogo, nimeshikwa mkono na baba. Wanafunzi wangu wengi walidhani nawatungia hadithi, maana vitabu nilivyofundishia viliyapita mambo haya mbio mbio.

Lakini tukiieleza historia hii tuieleze yote, hata inayotuuma sisi wenyewe. Utumwa katika mkanda huu haukukomeshwa kisheria mpaka mwaka 1907, na watu wa mtaa wa Freretown, ng'ambo ya pili tu kutoka kisiwani, ni wajukuu wa waliookolewa majahazini. Kisha ikaja sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908. Kila anayedai shamba ajitokeze na ushahidi wake. Waliozoea makaratasi wakajitokeza. Mmijikenda, yaani Mdigo, Mgiriama na ndugu zao wa pwani, ambaye ardhi yake ilikuwa ya mbari na mpaka wake ulikuwa mkwaju na kaburi la babu, hakuwa na cha kuweka mezani. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali. Maskwota wa leo walizaliwa katika sheria ile. Mtu anayekuimbia uzuri wa mwambao wa kale asikutajie mwaka 1908, huyo anakuficha jambo.

Ndiyo maana, uhuru ulipokaribia, pwani haikusema kwa sauti moja. Kulikuwa na waliotaka mwambao ujitenge. Wamijikenda wengi walikataa, wakihofia kurudi chini ya mabwana wa zamani, na Ronald Ngala, mwanasiasa wao, akasimamia majimbo, yaani kila eneo lijitawale mambo yake, ndani ya Kenya. Tume ya Sir James Robertson ya mwaka 1961 ikapendekeza mkanda uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, wakaandikiana barua za makubaliano: uhuru wa dini, mahakama za kadhi zibaki, hati za ardhi zitambuliwe. Desemba 12 Kenya ikawa huru, na mwezi mmoja baadaye kamili, Januari 12, 1964, Sultani akapinduliwa kule Unguja. Mahakama za kadhi zimo katika Katiba ya 2010 mpaka leo, na nimesikia watu wazima wakizizungumza kama fadhila tuliyopewa juzi.

Kunyamaza kumetugharimu pande zote mbili. Kijana wa mtaani anaambiwa "Pwani si Kenya", wito wa wanaotaka pwani ijitenge, na mtu aliyesoma mkataba nusu ukurasa, naye hana cha kumwuliza. Wa bara naye akiona kanzu na kofia humwuliza mwenye kanzu kwao ni wapi. Mwaka 2016 Wamakonde wa Kwale iliwabidi kuandamana kwa miguu kwenda Nairobi ndipo wakaandikwa kuwa Wakenya, na Wapemba wakangoja hadi 2023, nao wamezika wazazi wao hapa hapa.

Ombi langu ni dogo. Barua zile za Oktoba 1963 na sheria ile ya 1908 zisomeshwe shuleni, zenyewe kwa maneno yake. Gazeti lako likianza kwa kuchapa barua hizo kwa Kiswahili, nitazikata nizibandike kwenye ubao wa madrasa ya mtaani kwetu, ambako bado nafundisha Jumamosi.

Mwalimu mstaafu,
Likoni, Mombasa