Fide, mama ameandika

Kigoma, Jumapili usiku

Fide shoga yangu,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, bibi ni miguu tu, na dagaa wamepanda bei hawashikiki. Najua nimekaa kimya tangu Idd, na simu zako niliziona. Usininunie, nina jambo zito.

Mama ameandika. Ndiyo, mama huyohuyo. Barua imekuja na vijana wa boti ya Kalemie, ng'ambo ya ziwa, Kongo: ukurasa mmoja wa daftari, kalamu ya buluu, umekunjwa hadi ukaenea kiganjani. Miaka 24 yote ya ukimya hakuigusia hata kwa neno. Kauliza tu kama lile kovu la uji wa moto mkononi mwangu limefutika. Halijafutika, Fide. Wiki nzima nimekaa naliangalia.

Basi nikamwambia Hamisi, maana wewe ulikuwa mbali. Hakunipa pole wala nini. Alichukua simu yangu, akanirushia albamu nzima ya rapa Baloji, Hotel Impala, akasema sikiliza kwanza, tutaongea baadaye. Kifaransa sikijui, lakini yule mtu anarap kama anayemsemesha mtu aliyekaa mbele yake. Kisha Hamisi akanipa kisa cha Baloji. Kazaliwa Lubumbashi, Kongo, 1978, baba akampeleka Ubelgiji angali mdogo, na tangu 1981 hakupata tena habari za mama yake. Kakulia Liège, kaimba na kundi la Starflam, katoka. Mwaka 2007 ikamfikia barua ya mama. Akaijibu kwa albamu. Albamu nzima, Fide! Mimi karatasi yangu ina maneno mawili, "Shikamoo mama", na hapo ndipo nilipokwama.

Bibi aliposikia jina la mwimbaji alishtuka, maana baloji kwa watu wa Katanga, hukohuko Lubumbashi, ndio walozi. Mtoto anapelekwa ugenini na jina hilo, na mama hayupo wa kumweleza! Lakini nilipompigia "Siku ya Baadaye" kutoka albamu iliyofuata, Kinshasa Succursale, alinyamaza, kisha akaanza kutikisa bega. Ule wimbo umefumwa juu ya "Indépendance Cha Cha" ya Kabasele, ya 1960, na bibi anaujua wote. Hamisi anasema nyimbo kadhaa za Hotel Impala alizirudia Kinshasa na wanamuziki wa hukohuko. Hilo limenigusa kuliko yote. Jibu aliloandikia Ulaya hakuliacha hivyo, alilipeleka nyumbani likasemwa tena kwa ngoma za nyumbani.

Nilikuwa nikuambie habari za harusi ya Rehema, lakini naona kalamu inarudi kwa mama. Nina hasira naye, sitaki kukuficha. Kisha nalikumbuka lile swali la kovu, na hasira haijui pa kukaa.

Sasa wewe uliyesomea Kifaransa, nisaidie. Kuna wimbo wake, "De l'autre côté de la mère". Hamisi anasema kwa Kifaransa mama na bahari hutamkwa sawasawa, kwa hiyo ukiusikia hujui ni ng'ambo ya bahari au ng'ambo ya mama. Ni kweli? Unaweza kunitafsiria wote, hata ubeti kwa ubeti? Na ile "Tout ceci ne vous rendra pas le Congo", yaani haya yote hayatawarudishia Kongo, anamwambia nani? Anamlaumu mama yake mahali popote, au anauliza tu? Wewe ungekuwa mimi ungeanza na lawama? Mama yako hajambo? Na unaweza kupata ruhusa kazini twende wote Kalemie, hata siku tatu? Peke yangu sitaweza kushuka kwenye ile boti.

Barua hii anakuja nayo Rehema. Vijana wa boti wanaondoka Alhamisi na wanataka kubeba jibu. Nipigie kabla ya hapo, hata usiku wa manane. Baada ya shikamoo niandike nini?

Wako,
Zuhura