Kwako uliyelibandua bango lako ukutani

Mdogo wangu,

Nimesikia kwa watu kwamba umeziondoa programu zote za usanifu kwenye kompyuta yako, na kwamba ukiulizwa unajibu kazi ile ina wenyewe. Simu hupokei. Ujumbe unausoma na hujibu. Ndiyo maana nakuandikia hapa, mahali ninapojua bado unapita usiku ukikosa usingizi. Wengine watakaosoma nao wasome tu, hakuna siri humu.

Unaijua jioni ninayoisema. Mabango matatu ukutani, lako katikati. Zamu yako ya kusikia maoni ya wenzako ilipokaribia ukainuka, ukalibandua, ukalikunja mara mbili mpaka A3 ikawa A5, ukasema halijaisha. Lilikuwa limeisha. Uliyatazama ya kushoto na kulia, ukajihukumu kabla mtu hajafungua mdomo. Na mimi, karatasi ikiwa tayari imekunjwa mkononi mwako, nikasema mbele ya wote kwamba herufi za kichwa cha bango lako zimeachana. Neno lile hujanisamehe. Mimi sijausamehe ule mkunjo.

Tuanze na bango la kushoto, maana ndilo lililokutoa jasho. Ulinong'ona kwamba mwenzako ana mkono wa kuzaliwa nao. Chukua rula. Karatasi ni milimita 297 kwa 420. Pambizo za kushoto na kulia ni milimita 20 kila upande, kwa hiyo zimebaki 257. Amezigawa safu tatu za milimita 81, na kati ya safu na safu ameacha 7. Jumlisha uone. Kila picha na kila aya imeanza kwenye ukingo wa safu, hakuna kilichowekwa kwa kukisia. Saizi za maandishi ni tatu tu, kwa pointi, kile kipimo cha ukubwa wa herufi: pointi 14, pointi 28, pointi 112. Rangi ni mbili, na ya tatu ni weupe wa karatasi. Fonti ni moja, nyembamba na nene yake.

Sasa lako. Uliliacha juu ya kiti, ninalo. Saizi za maandishi ni saba: 14, 16, 18, 20, 22, 24 na 60. Jicho la msomaji halitenganishi 18 na 20. Linahisi vurugu tu bila kujua inatoka wapi. Pambizo ya kushoto ni milimita 8, ya kulia 15. Fonti ziko nne, rangi sita, na chini ya kila neno kubwa kuna kivuli. Nikilitazama naona mtu aliyeogopa nafasi tupu. Wasanifu wengi wanaohofia wenzao hufanya hivyo: kila pahali palipo wazi wanapaona kama ushahidi dhidi yao, wanapajaza. Wazo lako la kuupitisha wavu wa kuvulia samaki juu ya ukurasa mzima lilikuwa bora kuliko wazo la jirani yako. Nalisema hili kwa dhati. Ulilizika chini ya vivuli.

Kipimo kipi hapo juu kinahitaji mtu azaliwe nacho?

Ukitaka kupanga saizi bila kubahatisha, chagua kizidisho kimoja ushikamane nacho. Anza na 12, zidisha kwa 1.333: utapata 16, 21, 28, 38. Chukua tatu, usichukue zote. Nafasi kati ya mistari ya maandishi ya kawaida iwe kama asilimia 120 hadi 145 ya saizi ya herufi. Ya vichwa vikubwa ibane zaidi, wakati mwingine hata chini ya 100, maana pengo la mistari huonekana kukua kadiri herufi zinavyokua. Urefu wa mstari wa kusoma uwe herufi 45 hadi 75. Haya yanajifunzwa kwa juma moja, na ukishayajua hayakuachi.

Na sasa kichwa chako, WAVUVI, ile dhambi yangu. Neno hilo ni gumu kulipanga, na ulilichagua bila kujua. Ubavu wa W na ubavu wa A umelala kwa mshazari, A na V vilevile, kwa hiyo kati yao panabaki ufa unaoonekana mpana hata kama kompyuta inasema nafasi ni sawa. V na U hali tofauti: juu zinakaribiana, chini zinaachana. Ukiweka nafasi ileile kila mahali, neno linavunjika: W, A, kisha VUVI. Kwa maandishi madogo huoni. Programu hupima nafasi ya herufi kwa sehemu za elfu moja za saizi yake. Kosa la sehemu 80 kwenye pointi 14 ni takribani milimita 0.4; kosa hilohilo kwenye pointi 60 ni kama milimita 1.7, na kwenye 112 linapita milimita 3. Ndiyo maana aya zako zilikuwa safi na kichwa kikakusaliti.

Dawa yake haihitaji kipaji. Pindua ukurasa juu chini ili uache kusoma neno na uanze kuona maumbo. Funika ubaki na herufi tatu tu: WAV. Sogeza ya katikati mpaka ufa wa kulia na wa kushoto ulingane kwa jicho, si kwa namba. Kisha AVU, kisha VUV, kisha UVI. Ukimaliza, simama mbali hatua tatu na ukunje macho. Panapobaki doa jeupe, hapo ndipo pa kubana. Lugha yetu ina W, V, Y na A kila kona, hasa kwa herufi kubwa, basi zoezi hili utalifanya maisha yako yote.

Hapo hapo kuna jambo lingine linalokuvunja moyo bila sababu. Zile templeti unazopakua zimepangwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Ukimwaga humo "wanaoshughulikia" na "tutakapowasiliana", safu nyembamba inapasuka, maneno yanaachiana mashimo kwa sababu umelazimisha kingo zote mbili zinyooke, halafu unadhani mkono wako ndio mbovu. Panga kushoto, acha ukingo wa kulia ucheze. Ikibidi kukata neno, kata penye silabi, baada ya irabu: wanao-shughulikia. Usiitenganishe sh wala ng'. Na zima ukataji wa maneno wa Kiingereza ndani ya programu, maana unakata Kiswahili popote unapopenda.

Kuhusu rangi, ulilalamika kwamba buluu ya mwenzako inawaka na yako imekufa. Buluu yako uliichagua kwenye kioo cha kompyuta, ambako rangi ni mwanga. Wino hauwezi kuzifikia buluu kali za kioo, kwa hiyo mashine iliitafsiri ikatoka imefifia. Yeye alilipanga faili lake kwa wino tangu mwanzo, akachagua buluu ambayo karatasi inaiweza. Alijua utaratibu ambao wewe hukuambiwa, basi. Na kwa kazi za kwenye kioo, tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Kijivu chenye namba ya rangi #777777 juu ya nyeupe kinatoa 4.48, kinaanguka, #767676 kinatoa 4.54, kinapita. Jicho la bingwa na la mwanagenzi yote mawili hayaioni tofauti hiyo. Wote wawili wanalazimika kupima.

Ungenisikiliza ningekuambia ufanye hivi na kazi ya mtu anayekutisha. Chagua kazi moja, si kumi. Iweke kwenye leya ya chini, yaani tabaka la chini ndani ya programu, ififishe mpaka asilimia 30. Juu yake chora mistari ya mwongozo kwenye kila ukingo unaojirudia. Andika pembeni: pambizo ngapi, safu ngapi, saizi ngapi, rangi ngapi, fonti ngapi. Ondoa kazi yake, ubaki na mistari tu. Jenga tena kwa visanduku vya kijivu bila neno wala picha, kisha linganisha. Pale kisanduku chako kinapotofautiana na chake, hapo ndipo lilipo somo, na huwa ni sehemu mbili au tatu tu. Mwisho weka maneno yako na picha zako ndani ya mifupa ile, utaona itakavyokataa: kichwa chako ni kirefu, picha yako imelala, yake ilisimama. Kuanzia hapo unalazimika kuamua mwenyewe, na uamuzi huo ni wako. Nakala ulizojengea mazoezi zibaki kwenye folda yako. Ukizionyesha kama zako umeiba. Wengi hukosea kwa kuiga ngozi, ule mng'ao na zile chengachenga za karatasi kuukuu, wakaiacha mifupa. Ndiyo maana kazi zao hufanana na za mabingwa kwa sekunde mbili tu.

Na usilinganishe rasimu yako na kazi yake iliyokwisha. Ukutani hazipandi rasimu. Harry Beck alipochora ramani ya treni za chini ya ardhi za London mwaka 1931, akinyoosha njia zote ziwe wima, mlalo na mshazari wa nyuzi 45, wenye treni hizo waliikataa kwanza. Ilichapishwa mwaka 1933. Hakuwa msanii wa mabango, alikuwa mchoraji wa michoro ya kiufundi. Leo watu wanaitazama ile iliyokubaliwa.

Najua utanijibu nini. Utasema unajihisi mdanganyifu, umelisoma neno hilo mahali. Mwaka 1978 wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliandika kuhusu wanawake waliokuwa na mafanikio ya wazi, ambao bado waliamini wamebahatisha na kwamba siku moja watagundulika. Wale walikuwa na ushahidi mkononi wakaukataa. Wewe una mambo mawili yamechanganyika, na umeyapa jina moja. Kuna hofu, na kuna mapengo ya kweli ya ufundi. Kuyaita yote hofu ni kujinyima dawa. Pengo la ufundi lina jina na kipimo: saizi saba badala ya tatu, pambizo 8 kwa 15. Hofu haina kipimo. Ukishindwa kuonyesha kwa kidole palipoharibika, hiyo ni hofu, endelea na kazi. Ukiweza kuonyesha, rekebisha.

Ndiyo maana nilisema herufi. Sikusema wewe. Wengine walisema "zuri" huku wakitazama simu zao, na hao unawasalimia hadi leo. Kwani ungependa nikuachie upeleke kichwa kile kwa mchapaji, nakala mia kadhaa zitoke zikisema W, A, VUVI? Mtu asiyekujali hakuambii nafasi ya herufi. Ukweli una saa yake na ile haikuwa saa yake, hilo nakubali. Ningekuita pembeni. Lakini ulikuwa umeshalikunja. Ningekuita pembeni kukuambia nini, kuhusu karatasi iliyokunjwa?

Sitaki kukugombeza. Nimefuta sentensi tatu hapa.

Siku utakayoonyesha tena kazi, ionyeshe ikiwa mbichi, ikiwa imefika theluthi, wakati bado ni rahisi kuibomoa. Usiulize "mnaionaje?" Swali hilo linaalika maoni juu yako. Uliza jambo moja dogo: jicho lako limetua wapi kwanza? Umesoma nini cha pili? Wape sekunde tano, ifiche, waulize wanakumbuka nini. Wakikumbuka wavu, umefaulu, hata kama rangi hazijakaa. Wakikumbuka vivuli, unajua cha kufuta. Na mtu akikupa jibu la jumla, muulize ni wapi hasa. Asipoweza kuweka kidole, lipokee kwa adabu na uliache.

Yule wa kushoto ameniuliza habari zako mara mbili. Anataka kujua ulivyoufunga ule wavu juu ya herufi ukawa mbele ya baadhi na nyuma ya nyingine. Nimemwambia aulize mwenyewe.

Bango lako nimelinyoosha chini ya vitabu lakini alama hazitoki. Mkunjo wa wima umepita kati ya V ya kwanza na U, na hiyo ndiyo nafasi uliyoiweka sawasawa. Mbili zilizo kabla yake ndizo za kubana. Faili unalo, najua hulifuti. Rudisha programu, sogeza A, kisha V, unitumie. Hata bila salamu.