Mwulize ameshika nini

Hamilton, Kanada

Mpendwa Mama,

Natumai mu wazima hapo Umoja, na mgongo wa Baba umepata nafuu. Mimi sijambo, ila baridi tu. Nimefurahi mno kusikia kitinda mimba wetu ameitwa chuo kikuu kusomea kemia. Ndiyo sababu naandika.

Sijawahi kukusimulia wiki yangu ya kwanza kazini. Maabara yetu hupima maji. Msimamizi alinipa chupa ya maji ya kisima, akaniambia nitafute kiasi cha nitrati, kemikali inayoweza kuingia majini kutoka kwenye mbolea. Nikangoja karatasi ya maelekezo, haikuja. Nikapima, mashine ikatoa namba, nikaiandika. Akaniuliza, "Umejuaje kwamba mashine imesema kweli?" Nilinyamaza, Mama. Digrii nilikuwa nayo, lakini kwa miaka minne hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Ikabidi nijifunze upya: kwanza utengeneze maji ambayo nitrati yake unaijua, uyapime, uchore mstari wa kulinganishia, ndipo uguse sampuli. Na si jambo dogo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo anaweza kudhurika.

Huko chuoni tulikuwa kumi kwenye bureti moja, ule mrija wa kioo wenye koki wa kupimia vimiminika. Mmoja alishika, wawili walitazama, sisi wengine tukanakili majibu. Mhadhiri alisoma, tukaandika, na kwenye mtihani tukamrudishia maneno yake vilevile. Simlaumu, darasa lilijaa hadi madirishani.

Sasa mkumbuke Baba alivyojifunza kutengeneza masanduku pale Kamukunji. Siku ya kwanza alipewa bati na nyundo. Kifuniko kisipokaa sawa, fundi alimrudishia na kumwuliza amekosea wapi. Hapa mjini, Chuo Kikuu cha McMaster kilianza kufundisha udaktari kwa njia inayokaribiana na hiyo mwaka 1969: wanafunzi wachache hupewa kwanza tatizo la mgonjwa, kisha hutafuta wenyewe wanachohitaji kujua ili walitatue.

Sehemu hii msomee mdogo wangu mwenyewe. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake kule Marekani walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Walikuta kwamba wanafunzi wa mihadhara mitupu wana uwezekano wa kufeli mara 1.5 ya wale wanaoshirikishwa darasani. Na hizo ni alama tu. Kazini nimeona pengo kubwa zaidi.

Kwa hiyo asingoje apangiwe. Awahi maabara, awe wa kwanza kushika bureti, na likizo ya kwanza aombe nafasi ya mazoezi ya kazini, hata kama ni kuosha vyombo vya maabara.

Nimetuma pesa za koti la maabara na miwani ya kinga kwa M-Pesa. Akija nyumbani Jumapili, mwulize ameshika nini kwa mikono yake wiki hiyo. Akikuonyesha daftari tu, nipigie.

Mwanao akupendaye